Habilitasheni nchini Ujerumani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Idhini ya Kufundisha Chuo Kikuu baada ya Shahada ya Uzamivu

Maswali haya huulizwa na wasomi wa Afrika Mashariki waliokwisha kupata shahada ya uzamivu, au wanaokaribia kuipata, ambao wamefika katika chuo kikuu cha Ujerumani kwa utafiti na kukuta wenyeji wao wakizungumzia hatua nyingine iliyo juu ya udaktari wa falsafa. Yamepangwa kwa namna yanavyozuka katika mazungumzo, na kwa sababu hiyo mengine yamejibiwa kwa kirefu na mengine kwa maneno machache.

Habilitasheni ni nini hasa?

Ni mtihani wa juu kabisa wa kitaaluma katika mfumo wa vyuo vikuu vya Ujerumani. Tasnifu ya uzamivu huthibitisha kwamba mtu anaweza kufanya utafiti mmoja wa asili akiwa chini ya msimamizi. Habilitasheni hupima jambo pana zaidi, yaani kama mtu huyo anaweza kuibeba taaluma nzima, kuitafiti bila kuongozwa na kuifundisha katika mawanda yake yote. Maneno "taaluma nzima" ndiyo wageni wengi huyapita haraka. Mtu aliyeandika tasnifu ya uzamivu juu ya nyakati za vitenzi vya Kiswahili hatarajiwi kuja na kazi nyingine juu ya nyakati za vitenzi vya lugha jirani. Atatakiwa kuonyesha kwamba anaweza kufundisha isimu ya lugha za Kiafrika kwa ujumla, pengine pamoja na fasihi au historia ya lugha hizo, kutegemea jina la somo analoliombea.

Mtihani huo huzaa vitu viwili ambavyo hutajwa kwa Kilatini hadi leo. Cha kwanza ni *facultas docendi*, uthibitisho kwamba mtu ana uwezo wa kufundisha somo fulani katika ngazi ya chuo kikuu. Cha pili ni *venia legendi*, idhini yenyewe ya kulifundisha katika kitivo fulani. Uthibitisho hubaki na mwenyewe popote aendako, lakini idhini imefungwa kwenye kitivo kilichoitoa na inaweza kupotea. Sehemu kubwa ya mikanganyiko inayojibiwa hapa chini hutokana na kuvichanganya vitu hivi viwili.

Kwa nini shahada ya uzamivu haikutosha?

Zamani ilitosha. Katika karne ya 18, aliyepata shahada ya juu na kutetea hoja zake hadharani angeweza kuruhusiwa kufundisha, na mfano ulio karibu nasi ni wa Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa Axim katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliyetetea tasnifu yake Wittenberg mwaka 1734 kisha akafundisha Halle na Jena. Mabadiliko yalikuja na Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810. Kanuni zake za mwaka 1816 ziliitenganisha haki ya kufundisha na shahada ya udaktari, zikaifanya kuwa jambo la kuombwa na kuthibitishwa peke yake mbele ya kitivo, na vyuo vingine vya Kijerumani vikafuata utaratibu huo kidogo kidogo.

Aliyefaulu aliitwa Privatdozent, mwalimu binafsi, na jina lilikuwa na maana yake kamili: serikali haikumlipa mshahara. Aliishi kwa ada walizotoa wanafunzi waliohudhuria mihadhara yake, na kama hawakuja alilala njaa au aliishi kwa mali ya familia yake. Mwanafalsafa Arthur Schopenhauer, aliyepata idhini yake Berlin mwaka 1820, alipanga mihadhara yake saa ileile aliyokuwa akifundisha mwanafalsafa mwenzake Hegel, ambaye wakati huo alikuwa jogoo la mji, akajikuta na chumba kilichokuwa karibu kitupu. Ada hizo zimekwisha kufutwa, ila wazo la kwamba haki ya kufundisha ni kitu kimoja na mshahara ni kitu kingine limesalia.

Karne ya 20 iliuchezea sana utaratibu huo. Kanuni ya mwaka 1934 ya utawala wa Wanazi iliuacha mtihani mikononi mwa vitivo lakini ikaiweka idhini ya kufundisha chini ya serikali, na kwa hila hiyo wasiotakiwa kisiasa au kwa sababu ya asili yao walifungiwa mlango hata wakifaulu. Ujerumani Mashariki nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, iliiondoa habilitasheni na kuweka mahali pake udaktari wa pili, na hali ikawa hivyo hadi mwaka 1990.

Je, ni lazima niwe nayo ili niwe profesa Ujerumani?

Kwa sheria, hapana. Kwa desturi, inategemea taaluma.

Mwaka 2002 serikali ya shirikisho ilirekebisha sheria ya elimu ya juu na kuanzisha uprofesa mdogo, yaani nafasi ya muda ambayo msomi kijana hufundisha na kutafiti kwa kujitegemea bila kupitia habilitasheni. Nia ilikuwa kuifanya habilitasheni ife taratibu. Majimbo ya Bavaria, Saxony na Thuringia yalipinga, na tarehe 27 Julai 2004 Mahakama ya Katiba iliyo Karlsruhe ikaamua kwamba serikali ya shirikisho ilikuwa imevuka mipaka ya mamlaka yake. Sheria ikaandikwa upya, uprofesa mdogo ukabaki, na habilitasheni ikabaki pia. Tangu hapo njia ni nyingi: uprofesa mdogo, kuongoza kikundi cha utafiti kwa ufadhili kama ule wa programu ya Emmy Noether ya Shirika la Utafiti la Ujerumani, uzoefu wa kazi za utafiti nje ya chuo, au kuthibitisha kwamba kazi za mwombaji zina uzito ulio sawa na habilitasheni.

Ukitazama kwa jicho la mwombaji, hata hivyo, picha ni tofauti kidogo na ilivyoandikwa katika sheria. Katika uhandisi, habilitasheni haina uzito mkubwa, kwa kuwa maprofesa wengi huchukuliwa kutoka viwandani. Katika sayansi asilia umuhimu wake umepungua. Katika sheria, historia, theolojia na taaluma nyingi za lugha bado wajumbe wa kamati za uteuzi huitafuta katika wasifu wa mwombaji, hata pale tangazo la kazi linaposema "au sifa zilizo sawa nayo". Katika udaktari wa binadamu ndiko inakostawi zaidi: karibu nusu ya habilitasheni zote zinazokamilishwa kila mwaka ni za tiba na sayansi za afya, kwa sababu daktari anayetaka kuongoza idara katika hospitali kubwa huhitaji sifa hiyo hata kama hana mpango wa kuwa profesa wa kudumu. Kwa jumla hukamilishwa habilitasheni takribani 1,500 kwa mwaka, ilhali mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya 2,000.

Masharti yanatungwa na nani?

Elimu nchini Ujerumani ni jambo la majimbo, na majimbo ni 16. Kila jimbo lina sheria yake ya vyuo vikuu, na chini ya sheria hiyo kila kitivo hutunga kanuni zake za habilitasheni. Hakuna fomu moja ya nchi nzima. Vitivo viwili vya chuo kimoja vinaweza kutofautiana juu ya idadi ya makala zinazotakiwa, lugha ya kuandikia, na hata juu ya swali la kama mhadhara wa majaribio unahudhuriwa na wanafunzi. Kwa hiyo maelezo yanayofuata ni ya utaratibu wa kawaida, na kanuni za kitivo husika ndizo zenye neno la mwisho. Zipakue, zisome zote, na uangalie tarehe ya toleo, kwa kuwa mara nyingi toleo la zamani hubaki kwenye tovuti kando ya jipya.

Bavaria inastahili kutajwa peke yake, kwanza kwa sababu utaratibu wake ni wa aina ya pekee, na pili kwa sababu Waswahili wengi wanaijua kupitia Chuo Kikuu cha Bayreuth, ambacho ni mojawapo ya vituo vikubwa vya masomo ya Afrika barani Ulaya na ndiko hukutana Kongamano la Kiswahili. Huko mtahiniwa hupokelewa rasmi tangu mwanzo wa safari. Hupewa jopo la walezi, kwa kawaida maprofesa watatu, ambalo hukubaliana naye juu ya kazi za utafiti na ufundishaji atakazotimiza; baada ya miaka miwili hufanyiwa tathmini ya kati, na safari yote hutarajiwa kumalizika ndani ya miaka minne. Kwingineko mara nyingi mtu hufanya kazi kimya kimya kwa miaka, kisha siku moja hupeleka maombi akiwa na kila kitu mkononi. Kwa maoni yangu utaratibu wa Bavaria humfaa zaidi mgeni, kwa sababu matarajio huandikwa tangu awali na mtu hagundui mwaka wa sita kwamba jopo lilikuwa likitaka kitu kingine.

Ninatakiwa kuwa na nini kabla ya kuomba?

Shahada ya uzamivu inatakiwa kila mahali, na vitivo vingi husema wazi kwamba iwe na matokeo mazuri kupita wastani. Kinachofuata ni uzoefu wa kufundisha, ambao huthibitishwa kwa orodha ya kozi zilizofundishwa muhula kwa muhula, na siku hizi vitivo vingi hudai pia cheti cha mafunzo ya mbinu za kufundishia au matokeo ya tathmini za wanafunzi. Kisha huja machapisho, na hapo ndipo uzito ulipo. Maombi yenyewe hupelekwa kwa mkuu wa kitivo yakiwa na wasifu, vyeti, orodha ya machapisho, kazi ya habilitasheni, tamko kwamba kazi hiyo imeandikwa na mwombaji mwenyewe bila msaada usiotajwa, maelezo kama aliwahi kuomba kwingine na matokeo yake, na jina la somo analotaka kupewa idhini ya kulifundisha.

Jina la somo si jambo la kuandika dakika ya mwisho. Likiwa jembamba mno, kamati za uteuzi zitasema mwombaji hawezi kukidhi uprofesa uliotangazwa; likiwa pana mno, kitivo kitasema kazi zake hazilifikii. Mtu anayejitambulisha kwa "fasihi ya Kiswahili" na mtu anayejitambulisha kwa "fasihi za Afrika" wanaweza kuwa wameandika vitabu vinavyofanana, lakini nafasi watakazoweza kuziomba ni tofauti kabisa.

Shahada yangu ya uzamivu ni ya chuo kikuu cha Tanzania au Kenya. Itatambuliwa?

Kwa kawaida, ndiyo, ilimradi chuo chenyewe kinatambuliwa na shahada inalingana na ile ya Ujerumani. Uamuzi ni wa kitivo, ambacho hutazama hifadhidata iitwayo anabin, inayotunzwa na ofisi kuu ya elimu ya kigeni iliyo Bonn, na pale penye shaka huweza kuiomba ofisi hiyo maoni. Ugumu hutokea katika kigezo cha matokeo ya "kupita wastani", kwa kuwa vyuo vyetu vingi havitoi madaraja kwa shahada ya uzamivu: mtu ama amefaulu ama hakufaulu. Hapo husaidia kuambatanisha ripoti za watahini wa nje, au barua ya chuo inayoeleza kwamba shahada hiyo haina madaraja. Omba barua hiyo mapema, ungali na watu unaowajua katika kurugenzi ya masomo ya uzamili.

Kazi ya habilitasheni ni kitabu kipya au makala zilizokusanywa?

Zote mbili zinakubalika, na taaluma ndiyo huamua. Katika taaluma za ubinadamu, kama historia na lugha, na katika sheria bado hutarajiwa kitabu cha pili, kinachojulikana hata katika mazungumzo ya kawaida ya Wajerumani kwa jina hilo la "kitabu cha pili", ambacho mada yake lazima iwe mbali na ile ya uzamivu. Katika sayansi asilia, tiba na uchumi hutumika mkusanyiko wa makala zilizochapishwa katika majarida yenye mapitio ya wataalamu, pamoja na utangulizi mrefu unaozifunga makala hizo kuwa hoja moja.

Utangulizi huo ndio hudharauliwa na kuandikwa kwa wiki mbili, na ndio watathmini huusoma kwa makini kuliko kitu kingine, kwa sababu makala walikwisha kuziona majaridani. Makala zilizoandikwa na watu wengi huhitaji tamko linaloeleza mchango wa kila mmoja. Mwafrika aliyefanya kazi katika mradi mkubwa wa kimataifa, ambako jina lake limo katikati ya majina 15, ajue kwamba makala hiyo huenda isihesabiwe, hata kama ni yeye aliyekusanya data yote uwandani. Ni vyema suala la nafasi ya jina lizungumzwe siku mradi unapoanza.

Kuhusu lugha, Kijerumani na Kiingereza hukubalika karibu kila mahali. Lugha nyingine huhitaji idhini ya kitivo. Katika taaluma za lugha za Kiafrika sehemu ya machapisho ya Kiswahili inaweza kuingizwa katika orodha, lakini watathmini wanaoweza kuisoma ni wachache, na jambo hilo lina uzito wake.

Nikishawasilisha, nini hufuata?

Kitivo huunda kamati, na kamati huteua watathmini, ambao kwa kawaida huwa watatu, angalau mmoja wao akitoka chuo kingine. Kila mmoja huandika ripoti ndefu. Ripoti zikiwa tayari, kazi pamoja na ripoti huwekwa wazi kwa muda uliopangwa ili maprofesa wa kitivo wazisome na, wakitaka, watoe pingamizi. Baada ya hapo baraza hupiga kura kuikubali au kuikataa kazi ya maandishi, na ikikubaliwa mtahiniwa huitwa kwa sehemu ya mdomo. Tangu kuwasilisha hadi kura hiyo, kungoja kwa nusu mwaka hadi mwaka mzima si ajabu. Mgeni anayekaa kwa kibali cha muda aihesabu miezi hiyo mapema, kwa maana ofisi ya uhamiaji haingoji watathmini.

Mhadhara wa majaribio hufanyikaje?

Kwa desturi mtahiniwa hupendekeza mada tatu, zote zikiwa nje ya kazi aliyoiandika, na kitivo huchagua moja. Huarifiwa wiki chache kabla ya siku yenyewe. Huhutubu kwa muda unaokaribia nusu saa hadi dakika 45, kisha hufuata mjadala ambao unaweza kuwa mrefu kuliko mhadhara, na katika mjadala huo maprofesa wa taaluma nyingine za kitivo wana haki ya kuuliza. Hapo ndipo maana ya "taaluma nzima" huonekana kwa macho, kwani mtaalamu wa ushairi wa Pwani anaweza kuulizwa na mwanahistoria wa Roma ya kale afafanue dhana aliyoitumia.

Ushauri wa wazee ni kwamba mada zote tatu ziandaliwe kana kwamba kila moja ndiyo itakayochaguliwa. Mwanahisabati Bernhard Riemann alijifunza hivyo huko Göttingen. Alikuwa ameziandaa mada mbili za kwanza, akaiweka ya tatu, iliyohusu misingi ya jiometria, ili kutimiza idadi tu, na Carl Friedrich Gauss akaichagua hiyohiyo ya tatu. Riemann alihangaika nayo kwa miezi kadhaa, akaitoa tarehe 10 Juni 1854 mbele ya kitivo ambacho wengi wao hawakuwa wanahisabati. Mhadhara huo ndio uliofungua njia ya jiometria ambayo Albert Einstein aliitumia zaidi ya miaka 60 baadaye katika nadharia yake ya jumla ya uhusianifu.

Nikikataliwa?

Kanuni nyingi huruhusu kurudia mara moja, iwe kazi ya maandishi au sehemu ya mdomo. Iliyo muhimu zaidi ni haki ya kuyaondoa maombi kabla ya uamuzi rasmi, kwa sababu maombi yaliyoondolewa mapema kwa kawaida hayahesabiwi kuwa jaribio lililoshindwa, ilhali kukataliwa kwa kura hubaki katika kumbukumbu na lazima kutajwe katika maombi ya baadaye. Mlezi mzuri humwambia mtahiniwa ripoti zinaelekea wapi. Mwanafalsafa Walter Benjamin alishauriwa kuyaondoa maombi yake Frankfurt mwaka 1925, akayaondoa, na hakuwahi kupata nafasi ya kufundisha chuoni. Einstein alikataliwa Bern, Uswisi, mwaka 1907 kwa sababu alipeleka makala zilizokwisha kuchapishwa, ikiwemo ile ya uhusianifu, badala ya kazi maalumu ya habilitasheni. Mwaka uliofuata alipeleka kazi iliyotakiwa, akakubaliwa. Kwa kanuni za leo za vitivo vya fizikia, huenda makala zake zile zingepita bila shida.

Itanichukua miaka mingapi, na nitaishi kwa nini?

Miaka minne hadi sita baada ya uzamivu ndiyo makadirio ya kawaida, ingawa wastani wa umri wa wanaomaliza, ambao ni miaka 42 hivi, unaonyesha kwamba wengi huchukua zaidi. Wengi huwa ni wasaidizi wa utafiti na ufundishaji wanaolipwa kwa ngazi ya E13 ya mishahara ya umma. Mikataba hiyo hutawaliwa na sheria ya mwaka 2007 inayoweka ukomo wa miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake, ambayo katika tiba huwa tisa, na kwa kila mtoto anayelelewa huweza kuongezwa miaka miwili. Ukomo ukifika bila kupata nafasi ya kudumu, mlango wa ajira ya muda kwa msingi huo hufungwa, hata kama habilitasheni imebakiza sura moja. Sheria hiyo ndiyo iliyozua malalamiko makubwa ya watafiti vijana mitandaoni mwaka 2021 chini ya jina la "Hanna", mhusika wa video ya wizara iliyokusudiwa kuisifia.

Wapo wanaotumia ufadhili wa Wakfu wa Alexander von Humboldt au mradi wa Shirika la Utafiti la Ujerumani. Ufadhili wa Humboldt ni heshima kubwa, ila muda wake haufiki muda wa habilitasheni, na mfadhiliwa si mwajiriwa wa chuo. Akitaka kufundisha ili apate uzoefu unaodaiwa, lazima apatane na mwenyeji wake.

Wanawake walianza lini kuruhusiwa?

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtaalamu wa anatomia Adele Hartmann alifanikiwa München mwaka 1918. Mwanahisabati Emmy Noether aliitwa Göttingen na wanahisabati wenzake David Hilbert na Felix Klein mwaka 1915, lakini maombi yake yalizuiwa kwa sababu ya jinsia yake, na kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert hadi alipopata idhini yake mwaka 1919. Edith Stein, mwanafalsafa aliyekataliwa, aliiandikia wizara ya Prussia, na mnamo Februari 1920 wizara ikatamka kwamba jinsia isiwe kizuizi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuipata. Leo wanawake ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya wanaomaliza, na kwa wengi miaka ya kuandika kitabu cha pili ndiyo ileile ya kuzaa na kulea.

Nikishafaulu, nimepata kazi?

Hapana. Huu ndio ukweli ambao mgeni anapaswa kuusikia mwanzoni. Aliyefaulu huweza kupewa idhini ya kufundisha na cheo cha Privatdozent, ambacho hufupishwa PD, na mara nyingi hutoa mhadhara wa kuingia rasmi mbele ya umma. Ili aendelee kukishika cheo hicho lazima afundishe, kwa kawaida saa mbili kwa wiki katika muhula, na kufundisha huko kwingi hakulipwi kabisa. Akiacha bila ruhusa kwa muda uliotajwa katika kanuni, idhini hufutwa. Baada ya miaka kadhaa ya kufundisha na kuchapisha anaweza kupewa jina la uprofesa usio na kiti, yaani usio na nafasi ya ajira ya profesa, ambao nao hauna mshahara wake.

Uprofesa wenyewe hutangazwa na kushindaniwa nchi nzima, na kwa desturi kali ya Kijerumani chuo hakimchukui mtu wake wa ndani isipokuwa kwa sababu maalumu. Mtu aliyefanya kila kitu katika chuo kimoja ndiye mwenye nafasi ndogo kabisa ya kupata kiti hapo. Akihamia chuo kingine, anaweza kuomba idhini yake ihamishwe, na huko hawatamtahini upya toka mwanzo. Mara nyingi hutosha mhadhara mmoja na kura ya kitivo.

Historia ya Kiswahili nchini Ujerumani inalionyesha pengo hilo vizuri. Tangu seminari ya lugha za Mashariki ilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, Kiswahili kilifundishwa na wenyewe, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo mwanzoni mwa karne ya 20, lakini waliajiriwa kama walimu wa lugha tu, na haki ya kutoa mihadhara ya kitaaluma juu ya lugha yao wenyewe ilibaki kwa Wajerumani.

Nikirudi nyumbani, itanisaidia?

Kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda havina habilitasheni. Mhadhiri hupanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kwa machapisho, ufundishaji, usimamizi wa wanafunzi na miaka ya utumishi. Cheti chenyewe hakina mstari katika fomu za kupandishwa cheo, lakini kitabu na makala zilizokizaa vitahesabiwa kama machapisho mengine yoyote. Anayerudi kwa matumaini ya kuruka ngazi mbili atavunjika moyo.

Wasomi wa Kongo, Burundi na Rwanda wako karibu zaidi na wazo hili, kwa sababu mfumo wa Kifaransa una hatua zake baada ya uzamivu: Ufaransa kuna idhini ya kusimamia tafiti, na nchi nyingi za Kiafrika zenye urithi huo zimo katika CAMES, baraza la elimu ya juu la Afrika na Madagaska lililoanzishwa mwaka 1968, ambalo huendesha mitihani ya agrégation, yaani ya ushindani wa kupata nafasi za juu za ualimu wa chuo kikuu, katika taaluma kama sheria na tiba. Austria na Uswisi zina habilitasheni inayofanana na ya Ujerumani. Poland imeilegeza isiwe sharti la kila nafasi.

Niitweje baada ya hapo?

Kwa maandishi ni "PD Dr." kabla ya jina, au "Dr. habil." kwa mwenye uthibitisho asiye na idhini ya kufundisha, kutegemea jimbo. Wanafunzi wa nyumbani watamwita Profesa bila kuuliza, na hakuna ubaya wakifanya hivyo mezani. Ila asiandike neno hilo kwenye kadi yake ya kazi akiwa Ujerumani: kutumia cheo cha uprofesa bila haki ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 132a cha sheria ya jinai ya Ujerumani, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja.